Ua la Mpakani

Mjukuu wangu alinionyesha filamu ya dakika nane, Neighbours, aliyoitengeneza Norman McLaren nchini Kanada mwaka 1952. Majirani wawili wanagombea ua lililoota mpakani mwao. Wanapigana hata ua likakanyagwa, wake na watoto wakauawa, na wao wenyewe wakafa. Hakuna asemaye neno.

Miaka arubaini nimesomesha haki ya jirani, na huku mimi na jirani yangu hatusemezani kwa ajili ya mnazi mmoja. Basi elimu hiyo imenifaa nini, ikiwa haikunifikisha mlangoni kwake? Sikuona haya kuokota hekima mahali nisipoitarajia. Baada ya sala ya Isha nilikwenda nikabisha hodi. Nawe, ndugu yangu, mnazi wako ni upi?