Maksai naye akatiwe kamba?

Katika filamu ya zamani ya Marekani iitwayo The Misfits, iliyotoka mwaka 1961, mtu mzima mmoja anapambana na dume la farasi mwitu mpaka linasalimu amri. Akiisha kulishinda, anatoa kisu, anakata kamba na kuliacha liende zake. Wengi husema huo ndio uungwana. Swali la kujiuliza ni hili: je, mkulima wa Bariadi naye akate kamba?

Simiyu hatuna farasi mwitu. Tuna pundamilia, upande wa Serengeti na Pori la Akiba la Maswa. Wajerumani walijaribu kumfuga zama za ukoloni wao, wakashindwa kumfanya mnyama wa kazi wa kutegemewa. Tulichonacho ni maksai. Dume changa huhasiwa, hufungwa nira pamoja na mwenzake mzoefu, mtoto akiongoza mbele na mshika plau akiwa nyuma, mpaka lizoee. Pamba ya mkoa huu imelimwa sana kwa shingo hizo.

Huyu ukimkatia kamba utakuwa umemtendea wema? Hapana. Ataingia shamba la jirani, au ataliwa na fisi. Farasi yule alikuwa na kwao pa kurudi. Kwao maksai ni zizini kwako. Mtu wa filamu dhima yake iliisha alipokata kamba. Dhima ya mfugaji huanza pale mnyama anapokubali nira.

Ndugu msomaji, Surat Az-Zukhruf inatufundisha, tupandapo mnyama, kumtakasa Aliyetutiishia, na kukiri kuwa sisi wenyewe tusingeweza. Pundamilia ni shahidi wa hilo. Basi anayedhani amemshinda ng'ombe kwa fimbo yake anajidanganya. Na Mtume (s.a.w.) alimkemea mwenye ngamia aliyemtesa mnyama wake kwa njaa na kazi nyingi, kama alivyopokea Abu Daud.

Ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, lakini askari hawezi kusimama kila shamba. Anayesimama pale ni mtoto mwenye mjeledi, naye humuiga baba yake. Baba akipiga kidonda, naye atapiga kidonda.

Kwa hiyo jua likiwa kali, fungua nira, hata kama ekari haijaisha na mvua inanukia. Kidonda cha shingo kipone kwanza. Na akizeeka, siku ya mnada au ya kuchinjwa, anyweshwe maji na kisu kinolewe. Ametulisha miaka mingi. Hayo ni haki yake, si hisani yetu.