Shura na Sikio la Msikilizaji

Hapa Maskati, tangu Majlis Shura, baraza la ushauri la Oman, ilipoundwa mwaka 1991 na wanawake wa mkoa huu wakaruhusiwa kugombea mwaka 1994, suali la kama yamjuzia mwanamke kunena mbele ya wanaume katika mambo ya dola limekwisha kujibiwa na kanuni. Lililobaki, nalo ndilo zito, ni kama anenapo husikizwa kwa sikio lile lile asikizwalo nduguye mwanamume.

Mfano wa mwanamke aliyesikizwa ni Khaula binti Thaalaba. Mumewe alipomtamkia dhihari, yaani kumfananisha na mgongo wa mamake, kwa desturi ya kijahilia, alimwendea Mtume akajadiliana naye, wala hakukubali kunyamaza, hata ikateremka sura ya Mujadala kuthibitisha kwamba maneno yake yamesikiwa mbinguni, na dhihari ikawekewa kafara. Mtu wa haraka ataliita shauri lile la nyumbani. Walakini lilitoka chumbani mwa mke mmoja likawa hukumu juu ya kila mume Mwislamu. Basi sioni ni kwa hoja gani mwanamke aingiapo barazani adhaniwe kuwa ni msemaji wa ndoa na watoto tu, na akigusa mafuta au bandari aonekane amevuka mpaka, ilhali mwanamume asemapo juu ya ndoa haulizwi idhini kaipata wapi.

Kizuizi, kwa dhana yangu, hakimo dinini bali sablani, ambamo wanaume wa kabila hukutana, kahawa ikazunguka, na aghalabu jina la mgombea likaafikiwa kabla ya siku yenyewe ya kura. Mwaka 2003, raia waliotimia miaka 21 walipopewa wote haki ya kuchagua, waliingia wanawake wawili. Mwaka 2019 wawili tena, Tahira Al-Lawati wa Matrah na Fadhila Al-Ruwaili wa Sohar. Na mwaka 2023, kura ilipopigwa kwa simu na mwanamke hakuhitaji hata kuvuka kizingiti chake, viti vyote 90 vilikaliwa na wanaume. Ni kweli kwamba Sultani huwateua wanawake katika Majlis Dola, baraza la wateule, na ni jambo la kushukuriwa, ila uteuzi hauwaondolei wapiga kura jukumu lao.

Katika Suratu Shura, kushauriana kumetajwa baina ya kusimamisha sala na kutoa katika riziki, na hakuna mwanachuoni aliyesema kuwa sala na sadaka haziwahusu wanawake. Anayewatoa katika lile la kati ndiye mwenye kudaiwa dalili, nami katika sabla nilizokaa sijapata kuisikia.