Kiasi cha Bahari Ndani ya Kioo

Neno kiasi hubeba katika Kiswahili maana mbili zinazokaa pamoja bila kugombana: ni kadiri ya kitu kinachopimika, kama kiasi cha chumvi katika maji, na pia ni tabia ya mtu anayejizuia asipindukie mpaka, ndiyo maana husemwa kwamba fulani ni mtu wa kiasi, na ndiyo maana wafasiri wa Biblia waliliteua neno hilohilo kulitajia tunda mojawapo la Roho. Asili yake ni qiyas ya Kiarabu, ambayo katika usuli wa fiqhi, yaani elimu ya misingi ya sheria ya Kiislamu, ina maana ya tatu: kulichukua jambo jipya lisilo na hukumu na kulipima kwa jambo la zamani lenye hukumu, kwa kuwa yote mawili yameunganishwa na sababu moja, iitwayo illa. Swali linaloulizwa hapa ni iwapo maana hizo tatu zinaweza kutenganishwa, na mahali pa kuliulizia ni padogo kuliko mahakama au madrasa: ni tangi la kioo lenye maji ya chumvi, ambamo mtu amejitwika kazi ya kuyalea matumbawe nyumbani kwake.

Anayefuga matumbawe hushughulika siku zote na virutubishi, hasa nitrati na fosfati. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria waishio katika vitundu vya mawe huigeuza kuwa nitriti, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na ukali huo lakini yenye kulimbikizana wiki baada ya wiki. Fosfati nayo huingia na chakula hichohicho, na sehemu yake hujificha ndani ya mawe na mchanga, ikarudi majini polepole hata baada ya mfugaji kudhani kwamba ameiondoa. Kwa sababu hiyo huweka chombo cha povu, kinachopitisha vipovu vidogo vya hewa majini ili taka zipande juu navyo na kumwagwa kabla hazijaoza. Huotesha mwani katika kisanduku cha pembeni, ukanyonya virutubishi kisha ukavunwa. Na hubadilisha sehemu ya maji, mara nyingi moja ya kumi kwa wiki. Hatimaye hupima: hujaza kichupa maji ya tangi, hudondosha dawa tone kwa tone, hutikisa, husubiri dakika kadhaa, kisha hukiinua mbele ya kadi yenye rangi na kuamua kama wekundu anaouona ni huu au ule wa pembeni yake.

Kwa muda mrefu wafugaji wengi walidhani kwamba rangi njema kuliko zote ni kutokuwa na rangi, yaani sifuri, na dhana hiyo haikuwa ya kipuuzi. Maji ya miamba ya matumbawe katika bahari ya tropiki ni maskini mno: nitrati yake kwa kawaida haifiki hata miligramu moja kwa lita, na fosfati huhesabiwa kwa sehemu za mia za miligramu. Wingi wa viumbe katika maji yaliyo kama jangwa ni kitendawili ambacho wanasayansi hukihusisha na jina la Charles Darwin, aliyechapisha kitabu chake juu ya miamba hiyo mwaka 1842. Isitoshe, tangi lenye virutubishi vingi huota mwani mrefu kama nywele juu ya mawe, na matumbawe hugeuka rangi ya kahawia, kwa kuwa vijimea vinavyoishi ndani ya nyama yake, viitwavyo zuksantela, huongezeka kupita kadiri. Basi ikiwa bahari ni safi na tangi lililochafuka huugua, ilionekana kwamba usafi ukizidi afya nayo itazidi.

Haikuwa hivyo. Katika matangi yaliyosafishwa hadi kipimo kisione kitu, matumbawe mengi yalipauka na kukonda, na juu ya mchanga mara nyingi ulitanda utando wa kahawia unaonata, wenye vipovu vya hewa vilivyoning'inia kwenye nyuzi zake, ambao ni dinoflajela, viumbe vya seli moja vinavyotamalaki pale washindani wao wanapokufa njaa. Mwaka 2013 Jörg Wiedenmann na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southampton nchini Uingereza walionyesha kwamba matumbawe yaliyopewa nitrati nyingi huku yakikosa fosfati huelemewa upesi zaidi na joto na mwanga, hata yakapauka. Kukosekana kwa kirutubishi, basi, nako hudhuru, na leo wafugaji wengi hununua nitrati katika chupa na kuitia tone kwa tone katika maji ambayo mitambo yao inayasafisha, wakitafuta nitrati ya miligramu 2 hadi 10 kwa lita, ambayo ni mara nyingi zaidi ya ile ya baharini.

Kosa lililofanyika wanazuoni wa usuli walikuwa wamekwisha kulipa jina: ni qiyas ma'a al-fariq, yaani kulipima jambo kwa jingine ilhali kuna tofauti inayovunja ulinganisho. Bahari ilifanywa asili, tangi likafanywa tawi, na hukumu ikahamishwa bila kuichunguza illa. Nambari ndogo ya baharini ni picha ya kilichobaki majini kwa nukta moja. Haisemi ni kiasi gani kimepita. Mkondo huleta viumbe vidogo usiku kucha, samaki hutia kinyesi juu ya mwamba, na kila chembe hunyakuliwa mara tu inapofika, hivi kwamba maji huonekana matupu kwa sababu walaji ni wengi na mlo haukatiki. Ndani ya kioo mkondo huo haupo. Sifuri ya bahari ni ya nyumba ambayo sufuria zake zimeoshwa baada ya wote kula, na sifuri ya tangi huweza kuwa ya nyumba ambayo jiko halikuwashwa.

Aristotle aliligusa jambo hili aliposema kwamba wastani wa tabia njema haupatikani kwa hesabu: ikiwa mina 10 za chakula (mina ni kipimo cha uzito cha Wayunani) ni nyingi na 2 ni chache, mwalimu wa mieleka hatamwamuru kila mtu ale 6, kwa sababu ni kidogo kwa Milo, bingwa wa mieleka, na ni nyingi kwa anayeanza. Hata hivyo mfano wake una upungufu mmoja unaostahili kutajwa, kwa kuwa Milo angeweza kusema kwamba ana njaa. Tumbawe halisemi; husinyaa, hupauka, au usiku hukunjua minyiri yake midogo na kungoja. Hapo ndipo kadiri inapoungana na tabia, maana anayesoma kichupa bila kumtazama kiumbe amepima maji tu, na anayempenda kiumbe bila kupima humlisha hadi kumwua. Katika lugha ya dini kitu cha namna hii huitwa amana, kitu cha mwingine kilichowekwa mikononi mwa mtu, na uzito wake huongezeka pale aliyekiweka asipoweza kukidai mwenyewe.

Uzito huo huonekana mfugaji anaposafiri. Wengi hupima chakula mapema na kukigawa katika vifuko, kila kimoja kikiandikwa jina la siku, ili jirani asije akazidisha kwa huruma. Na utaratibu huo ni mzuri, lakini siku ambayo jirani ataliona tumbawe limekuwa jeupe kwenye kingo zake, atasimama mbele ya kioo na kifuko cha Alhamisi mkononi, asijue akimimine au akirudishe.