Uaminifu Kabla ya Dhoruba

Somo: 1 Samweli 12:1–5, Luka 16:10



Tuliokuwa Texas Februari 2021 hatujasahau. Tuliambiwa umeme utakatwa kwa zamu. Kwa wengi, zamu ya kurudishiwa haikufika kwa siku kadhaa. Nyumba na biashara zaidi ya milioni 4.5 zilikosa umeme. Jimbo lenyewe lilihesabu vifo 246. Wengine waliuawa na baridi, wengine na hewa ya sumu isiyo na harufu, ya jenereta au gari.

Lakini baridi hiyo haikuwa ya kwanza. Ile ya Februari 2011 nayo ilizima umeme, na wakaguzi wa serikali kuu wakashauri mitambo ikingwe. Jimbo halikulazimisha. El Paso, iliyo kwenye gridi nyingine, ilikinga mitambo yake, na mwaka 2021 wengi huko hawakukaa gizani. Sheria ya kulazimisha ilitiwa saini Juni 2021, watu wakiwa wamekwisha kuzikwa.

Raia haiamini serikali kwa hotuba. Huiamini akiona neno la jana limetimizwa leo. Samweli, akiwa mzee mwenye mvi, alisimama mbele ya watu akauliza ametwaa ng'ombe wa nani, amemdhulumu nani, amepokea rushwa kwa nani. Nabii wa Mungu hakuona aibu kukaguliwa. Kiongozi anayekubali kuulizwa hupanda imani. Anayeficha huvuna shaka.

Wengi wetu tumetoka mahali ambapo kuuliza kulikuwa hatari, tukaja na ukimya wetu. Kutii mamlaka si kunyamaza. Wala kutoamini lolote si hekima: sisi tunaohudumia wagonjwa tunajua kwamba anayepuuza onyo la kweli hufika hospitali amechelewa. Jiko la mkaa na jenereta visiingie ndani kamwe.

Basi, tuwaombee wenye mamlaka, kama Paulo alivyomwagiza Timotheo. Tuhudhurie vikao vya jiji. Aliye raia apige kura. Anayejua Kiingereza amsomee mama jirani matangazo ya dharura. Na kwa kuwa Yesu hupima uaminifu kwa mambo madogo, tuanzie nyumbani mwake: sadaka ihesabiwe wazi, na ahadi tulizowapa wazee wetu tuzitimize. Hapo tutawadai watawala tukiwa na mikono safi.

Bwana atusaidie. Amina.