Maji ya Daudi na Umeme Wetu



Katika 2 Samweli sura ya 23 tunasoma jinsi Daudi alivyotamani maji ya kisima cha Bethlehemu. Mashujaa watatu wakapenya kambi ya adui, wakamchotea. Maji yalipofika, Daudi akakataa kuyanywa, akayamimina mbele za Bwana, kwa sababu aliona ndani yake uhai wa watu wale.

Habari hiyo inatugusa tunapowasha taa. Hapa Illinois zaidi ya nusu ya umeme hutoka kwenye vinu vya nyuklia, na kuni za vinu hivyo ni urani. Kipande kidogo kama ncha ya kidole hutoa nishati inayokaribia ile ya tani nzima ya makaa ya mawe, tena bila moshi. Watoto wetu husomea taa hizo. Wagonjwa wetu wa figo husafishwa damu kwa mashine zinazotegemea umeme huo. Ni jambo la kushukuru.

Lakini baadhi yetu asili yetu ni Katanga, na huko urani ina habari yake. Mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi, ulikuwa wa kampuni ya Kibelgiji, Union Minière. Wakongo waliyachimba mawe hayo chini ya ukoloni, wala hawakuambiwa yanakwenda kufanya kazi gani. Mwaka 1940 zaidi ya tani 1,000 zilipelekwa New York, na mwaka 1942 Jeshi la Marekani likazinunua. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka katika udongo huo.

Je, anayefaidika ana deni kwa aliyechimba? Marekani ilikwisha kujibu ndiyo kwa watu wake. Sheria ya mwaka 1990 iliwapa fidia wachimbaji wa urani waliougua, wakiwemo Wanavajo. Wachimbaji wa Shinkolobwe hawakuwamo.

Wapo watakaosema: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Ukoloni umepita, na urani ya leo hutoka Kanada, Kazakhstan na kwingineko. Ni kweli. Lakini jambo lenyewe halijapita. Urani iliyokwisha kutumika ingali imehifadhiwa kwenye vinu, hapa jimboni petu, kwa kuwa nchi hii haijapata mahali pa kudumu pa kuizika. Mionzi yake itadumu maelfu ya miaka. Jana alilipa mchimbaji ambaye hakuulizwa. Kesho atalipa kitukuu ambaye hajazaliwa.

Hatuwezi kuumimina umeme kama Daudi alivyomimina maji. Tukizima mashine, mgonjwa atakufa. Lakini Daudi hakuyadharau maji yale. Alikataa kuyanywa kana kwamba hayakumgharimu mtu. Hilo hata sisi tunaliweza. Tuwasimulie watoto habari za Shinkolobwe. Na wale wenye uraia, wagombea wakija kuomba kura, tuwaulize: taka hizi zitakaa wapi, na waliochimba wametendewaje? Shukrani isiyotaka kujua gharama ni nusu ya shukrani.

Kwa mazungumzo ya familia wiki hii: ni kitu gani nyumbani mwetu ambacho mtu mwingine alikilipia?

Bwana awabariki.