Ukuta wa Udongo na Amana ya Walio Chini Yake

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeyafanya maji kuwa uhai wa viumbe vyake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, huenda baadhi ya wasomaji wetu wa Mombasa, Lamu na Malindi wakauliza: sisi watu wa pwani yatuhusu nini bwawa la Nairobi? Twajibu kwamba yatuhusu kwa njia tatu. Ya kwanza, watoto wetu na ndugu zetu wamo Nairobi, wakifanya kazi mjini na kulala Kibra, Lang'ata na South C. Ya pili, Kibra ni mji wa Waislamu tangu mwanzo wake, kwani ndugu zetu Wanubi ndio waliofyeka msitu ule wakajenga, mwanzoni mwa karne ya 20. Na ya tatu, maji ya mto Motoine, yakishapita bwawani, huitwa mto Ngong, kisha huingia mto Nairobi, kisha Athi, kisha Galana, hata yakafika baharini kwa jina la Sabaki, baina ya Malindi na Mambrui. Uchafu unaotupwa kule juu, mwisho wake ni kwetu.

Bwawa hilo, lijulikanalo kwa jina la Nairobi Dam, lilifunguliwa mwaka 1953 ili liwe akiba ya maji ya mji wakati wa dharura. Zama zake lilikuwa safi, watu wakivua samaki na kushindana kwa mashua za tanga. Leo umri wake umepita miaka 70. Kwa miaka mingi limejaa tope, takataka na maji ya vyoo, na gugumaji likatanda juu yake hata mgeni akadhani ni shamba. Mara kwa mara imetangazwa mipango ya kulisafisha. Lakini tangazo silo koleo, halizoi tope.

Yafaa tufahamu kwanza ukuta wa udongo ni kitu gani, kwani anayeonya bila ya kujua hudhuru kuliko anayenyamaza. Ukuta wa namna hii hausimami kwa ugumu kama jiwe, bali husimama kwa uzito wake na kwa kushindiliwa. Maji machache kupenya ndani yake si ajabu. La kuogopwa ni maji yatokayo upande wa pili yakiwa na rangi ya udongo, kwani hapo ujue ukuta waliwa kutoka ndani. Mizizi ya miti mikubwa hufungua njia, na panya na wanyama wachimbao mashimo hufungua njia. Na adui yake mkubwa ni maji kupita juu ya mgongo wake, kwani yakipita hapo huchonga udongo kidogo kidogo, kisha kwa ghafula. Kwa hivyo wahandisi huweka mkondo maalumu wa kumwaga maji ya ziada. Mkondo huo ukizibwa na magugu na mifuko ya takataka, na bwawa lenyewe likiwa limejaa tope, mvua kubwa ikinyesha maji yataelekea wapi?

Msomaji wa Kurani hakosi hapa kukumbuka habari za watu wa Sabaa. Mwenyezi Mungu ametusimulia kwamba walikuwa na bustani mbili, kuumeni na kushotoni, wakaamrishwa wale na washukuru. Wakapuuza, wakapelekewa gharika ya ukuta, na badala ya bustani wakabakiwa na matunda machungu na mikunazi michache. Wafasiri wengi wamepokea kwamba walioutoboa ukuta ule walikuwa panya. Ukuta huo wa Maarib, katika Yemen, ulikuwa wa udongo, na mara nyingi ulibomoka na mara nyingi ukatengenezwa. Miongoni mwa walioutengeneza ni Abraha, yule yule aliyekuja na ndovu kuivunja Al-Kaaba. Yapo mpaka leo maandishi ya jiwe yanayoeleza kazi aliyoifanya karibu na mwaka 548. Tazameni basi! Hata dhalimu yule alijua kwamba ukuta mbovu hauachwi. Itakuwaje sisi, tunaoisoma sura ya Sabaa, tuwe nyuma ya Abraha?

Na haya si ya kale tu. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai katika Nakuru, ukuta wa udongo wa bwawa la shamba ulivunjika, na watu wasiopungua 47 wakafa, wengi wao wakiwa majumbani mwao. Mwezi wa Septemba 2023, katika mji wa Derna, nchi ya Libya, mabwawa mawili yaliyojengwa katika miaka ya 1970 yalivunjika usiku wa tufani, na maelfu ya Waislamu wakachukuliwa na maji mpaka baharini. Wakaguzi wa hesabu wa nchi hiyo walikuwa wamekwisha kuandika, mwaka 2021, kwamba fedha zilitengwa kwa ajili ya matengenezo na matengenezo hayakufanywa. Na katika mvua za mwaka 2024, serikali ya Kenya ililazimika kuwaamuru watu wanaokaa karibu na mabwawa na hifadhi za maji 178 wahame. Hatukuyataja haya ili kuwatia watu hofu. Kuupima ukuta ni kazi ya wahandisi. Kudai upimwe, na matokeo yasomwe hadharani, ni kazi yetu sote.

Wapo watakaosema: “Haya ni kadari, aliyeandikiwa kufa kwa maji atakufa kwa maji.” Maneno haya yana sura ya imani, na ndani yake mna uvivu. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mwenye ngamia kama amwache huru na ategemee, alimwamuru amfunge kwanza kisha ategemee. Na Sayyidna Umar, aliporudi njiani asiingie Sham kwa sababu ya tauni, aliulizwa kama aikimbia kadari ya Mungu. Akajibu kwamba anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Basi anayehama bondeni anapoonywa hakupungukiwa na imani, na anayebaki kwa ushupavu hakuzidi. Wala ukuta haulindwi kwa kuzika hirizi chini yake. Hulindwa kwa mchanga, mawe, mkondo ulio wazi, na mtu mwenye macho.

Mtume (S.A.W.) ametupigia mfano wa watu waliopanda jahazi moja, wengine juu na wengine chini. Wa chini wakataka kutoboa sehemu yao wapate maji bila ya kuwasumbua wenzao. Wakiachwa, wote wataghariki. Wakizuiwa, wote wataokoka. Sisi ni watu wa majahazi, mfano huu twaufahamu. Atupaye taka mtoni hutoboa jahazi. Tajiri ajengaye ukingoni mwa mto ili apate kodi hutoboa jahazi. Mkaguzi atiaye sahihi karatasi ya ukuta asiouona kwa macho yake hutoboa jahazi, na juu yake ana dhambi ya ushahidi wa uwongo. Wala msimtwishe mzigo wote maskini wa Kibra: asiyejengewa choo wala kuletewa gari la taka, ataupeleka wapi uchafu wake?

Tuna desturi, ndugu zetu, ambayo hatuna budi kuitazama kwa haki. Watu wetu wakifa, twachanga upesi: sanda, pilau, hitima, na mabasi ya kwenda mazikoni. Lakini kabla ya kufa kwao hatuchangi hata nauli ya wazee watatu wakabishe mlango wa afisi ya maji na kuuliza ukuta ulikaguliwa lini. Je, sadaka ipi iliyo bora, ile ya kumlisha aliyefiwa, au ile ya kumwepushia msiba?

Twanasihi basi mambo manne. Maimamu, kuanzia Jamia katikati ya mji hata misikiti ya Kibra, wayataje haya katika khutba. Vijana wajitolee kusafisha mikondo kabla ya masika, bila ya kungoja kamera. Wazee wadai ukaguzi wa kila mwaka kwa barua. Na kila mtaa ulio chini ya bwawa uwe na mlinzi wa kutazama rangi ya maji, na ishara ya kuwaamsha watu usiku, kwani maji hayabishi hodi.

Tukiyafanya hayo, kisha likatokea lililokadiriwa, tutakuwa tumeitekeleza amana. Tukiyaacha, siku ya hesabu tusiseme ni kadari.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe wenye kusikia onyo kabla ya adhabu, na uwahifadhi waja wako wanaolala chini ya kuta kuukuu. Amin.