Je, kuupenda mkweche ni kuipenda dunia?

Wapo ndugu zetu wanaodhani kwamba zuhdi ni kumiliki kitu kibovu. Ukiendesha gari linalovuja mafuta wewe ni mcha Mungu, ukiendesha linalong'aa basi dunia imekuteka. Sikubaliani nao, na nasema hivyo nikiwa mtu aliyemiliki mkweche kwa miaka mitano na ambaye hadi leo anaukumbuka kwa mapenzi.

Lilikuwa gari dogo la mwaka 1986. Kutu ilikuwa imekula milango yote minne na sakafu ya upande wa dereva, nikaziba kwa kipande cha bati. Masika yakianza, maji mekundu ya hapa Bigwa yalinifikia viatuni. Kioo cha nyuma kilikuwa nailoni. Mlango wa abiria ulifunguka kwa nje tu, hivyo kila niliyembeba alisubiri nishuke nimfungulie, kama waziri.

Lakini gari lile lilinipa majirani. Betri haikushika chaji, na nyumbani kwangu, alhamdulillahi, ni mteremkoni. Kilichobaki walimalizia vijana wa bodaboda kwa kusukuma. Mtu aliyekusukuma asubuhi huwezi kumpita njiani jioni. Akina mama wanaoshuka kutoka milimani na mikungu ya ndizi kwenda soko kuu la mjini (siku hizi Soko la Chifu Kingalu, jengo lililozinduliwa mwaka 2021) hawakuona haya kunisimamisha. Walijua ndizi haziwezi kuchafua kilichokwisha kuchafuka. Gari ninaloendesha sasa lina kiyoyozi na vioo vyake viko juu. Sijamkatalia mtu. Hawaombi.

Sasa basi, ndugu msomaji, ninachokipenda ni lile bati lenye kutu, au ni wale watu? Na kama ni watu, kwa nini nisiteremshe kioo?

Tukirejea sira, imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alihiji juu ya tandiko kuukuu. Imepokewa pia kwamba kipando kizuri ni katika mambo yanayomfurahisha mtu. Sioni mgongano. Ngamia wake aitwaye Adhbaa alikuwa hashindwi mbio, mpaka bedui mmoja akaja na ngamia wake akampita. Masahaba wakaumia. Akawaeleza kuwa hakuna kinachoinuka duniani ila Allah hukishusha. Katika simulizi hiyo sijaona kwamba aliwakemea kwa kumpenda Adhbaa. Kupenda kipando si tatizo. Tatizo ni kudhani hakitashuka, au kudhani kwamba aliyekipanda ameinuka nacho.

Na tusiusifu umaskini kupita kiasi. Kutu ya mlango ilikuwa shauri langu mimi. Kutu ya paipu ya breki ni shauri la mtoto anayevuka barabara akitoka madrasa. Barabara hii ya kwenda Mkuyuni na Matombo ina miinuko, miteremko na kona. Hapo mtu hawezi kusema anatawakali ilhali breki hazishiki. Sheria yetu inataka madhara yaondolewe, na haikumtoa mwenye gari la bei rahisi. Ndiyo maana kila nilipopata fedha zilikwenda kwenye breki, na kioo cha nailoni kikabaki nailoni. Wenzetu Kenya hawaruhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Wengine huona huo ni uonevu kwa wanyonge. Mimi nadhani mnyonge ndiye hugongwa kwanza.

Siku ya kuliuza, dalali alinishauri nipige puti na rangi juu ya kutu, akasema kila mtu hufanya hivyo. Ni kweli, wengi hufanya. Lakini yule mfanyabiashara wa Madina aliyeweka nafaka kavu juu ya iliyolowa naye huenda aliwaona wenzake wakifanya. Nikamwita mnunuzi, nikainua kapeti, nikamwonyesha bati. Akapiga magoti, akachungulia chini kwa muda mrefu, akakata theluthi ya bei. Dalali yule hadi leo tukikutana Msamvu hunijibu salamu kwa mkato.